Matrida Aliruhusiwa Kukaza Nyuzi Tu

Jua la Jumamosi ndiyo kwanza linachomoza Nyasho, mjini Musoma, na Matrida Keraryo ameshaanza ugomvi. Anagombana na ngozi ya mbuzi.

"Mvua imenyesha, basi leo inajifanya mgonjwa," anasema, huku akiligeuza litungu lake taratibu mbele ya jiko la mkaa. "Ngoja ipate joto. Itasema yenyewe."

Litungu ni chombo cha nyuzi nane. Tumbo lake ni la mti uliochongwa na kuwambwa ngozi, na juu kuna upau ambao nyuzi huzungushiwa. Nyuzi za zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Za Matrida ni nailoni ya kuvulia sangara, anayoinunua kwenye duka la zana za uvuvi karibu na mwalo. Wauzaji walishamzoea. Hawamuulizi tena mtumbwi wake uko wapi.

Wengine huliita litungu, wengine ritungu. Mkoani Mara herufi hizo mbili hulala nyumba moja na kuazimana nguo, na hakuna anayekasirika. Msomaji alishike hilo, maana siku moja herufi hizo zilimfanyia Matrida kazi ambayo yeye mwenyewe ilikuwa imemshinda kwa miaka mingi.

Barazani wasichana wanne wamekaa kwenye mkeka wakimsubiri. Mkubwa wao ni Jenipher, anayesuka nywele sokoni siku nyingine zote za wiki. Vidole vyake ni vyepesi kwa sababu ya kazi hiyo, na mwalimu wake hachoki kumtania.

"Polepole wewe, hii siyo rasta!" Matrida anamwambia. Jenipher anacheka, anaanza upya.

Matrida ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Ameimba nyimbo za asili za kwao Butiama kwenye harusi, vipaimara, misiba, mikutano ya vijiji na redioni. Wapo wanaomwita Mama Litungu bila kulijua jina lake la ubatizo. Lakini huko utotoni hakuna aliyemruhusu kupiga. Aliruhusiwa kukaza nyuzi tu.

Alizaliwa katika kijiji kimoja wilayani Butiama, ng'ombe kidogo, mtama kidogo, watu wa kanisani Jumapili na shambani siku zilizobaki. Baba yake, Florian Keraryo, alikuwa mpigaji aliyeitwa mpaka Bunda. Siku moja akikata miti ya zizi, panga liliteleza likamjeruhi mkono wa kushoto. Kidonda kilipona, ila vidole viwili vilikauka. Kupiga aliweza kwa shida. Kukaza nyuzi hakuweza kabisa.

Hapo ndipo palipozuka mjadala. Kaka yake Florian, Mzee Baltazar, ndiye aliyekuwa mwenye kauli katika boma lile, na katika ukoo wao mwanamke hakupiga litungu. Mwanamke aliimba, aliitikia, alicheza. Akilipakata litungu na kulipiga, waliambiwa, ng'ombe wangekauka maziwa.

Florian hakuwa na mtoto mwingine mwenye mkono thabiti. Akamuuliza kaka yake swali la kiujanja: je, kukaza nyuzi nako ni kupiga?

"Baba mkubwa alifikiri sana," anakumbuka Matrida. "Halafu akasema, hapana, kukaza siyo kupiga. Akaze, akimaliza alirudishe. Akaondoka akijua amemaliza kesi."

Kumbe ndiyo alikuwa ameifungua. Kwa sababu anayekaza uzi lazima aujaribu. Akishaujaribu, aulinganishe na wa pili yake. Akishalinganisha zote, apitishe wimbo mmoja kuhakikisha. Na kama wimbo mmoja haukutosha kumhakikishia, nani atamlaumu fundi mwenye kujali?

"Nilikuwaga nakaza kuanzia ng'ombe wanatoka mpaka wanarudi," anasema na kupasua kicheko. "Majirani wanakuja na viti. Wanauliza, leo Matrida anakaza? Wanaambiwa anakaza. Wanakaa, wanacheza. Baba anajifanya amelala."

Na ng'ombe? "Walikamuliwa kama kawaida. Mimi mwenyewe nilikuwaga nakunywa."

Nyimbo zenyewe hazikutoka kwa baba. Florian alikuwa na vidole, lakini maneno yalikuwa ya mkewe, Yuliana. Mama huyo aliimba akisaga ulezi juu ya jiwe, aliimba akipalilia, aliimba akimpeleka binti wa jirani kwa mumewe. Mumewe akianzisha, yeye huitikia. Matrida aliyanyakua maneno kupitia mlango wa jiko, mengine yakiwa yamechanganyika na mlio wa jiwe la kusagia.

Alipoolewa Musoma alikwenda na maneno hayo kichwani. Chombo kilibaki nyumbani.

Kilichofuata ni jambo ambalo hadi leo analisimulia akitazama chini. Florian alifariki. Kwenye msiba, Matrida aliona haiwezekani mpigaji azikwe kimya. Akaingia ndani, akalitoa litungu la baba yake, akakaa kando ya jeneza. Alikuwa amepiga kidogo tu wakati Mzee Baltazar alipofika, akalichukua mikononi mwake mbele ya waombolezaji wote.

"Aliniambia, 'Hapa siyo mahali pa kukaza,'" anasema Matrida. "Watu wakaangalia chini. Niliona aibu, mpaka machozi yakakataa kutoka."

Litungu lile lilibaki kwa Mzee Baltazar. Na agizo likatolewa: Matrida karibu nyumbani wakati wowote kumwona mama yake, lakini litungu lisivuke lango, liwe la baba yake au la mtu mwingine.

Mtu mwingine angesusa. Matrida alikwenda kwa seremala wa Nyasho, akamchorea ardhini kwa kijiti chombo alichokitaka. Seremala alidhani ni kiti cha mtoto. La kwanza lilitoka bovu, la pili likapasuka, la tatu likaimba. Kuanzia hapo hakurudi nyuma.

Mwanzoni walimcheka. Kwenye harusi moja mshereheshaji alimtambulisha kama "mama aliyebeba ungo wenye kamba." Alipoanza kuimba, bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alisimama akalia kwa sauti, kwa kuwa wimbo ule mara ya mwisho aliusikia alipoolewa yeye. Kabla sherehe haijaisha, Matrida alikuwa ameshaalikwa kwenye nyingine.

Si kazi ya kutajirisha. Sherehe nzuri humpa laki moja na nusu, ukiacha wanaokuja kumtunza, na ipo miezi, hasa ya Kwaresima, ambayo haingizi hata shilingi. Miezi hiyo huuza maandazi na maisha yanaendelea. Hata hivyo, kwa litungu amesomesha watoto watatu, amejenga hiyo baraza wanayokalia wanafunzi wake, na sauti yake imesikika redioni kuanzia Tarime hadi Mwanza.

Lakini nabii hakosi heshima isipokuwa kwao. Kila alipokwenda kumsalimia mama yake, alishuka Kiabakari na kuliacha litungu kwa rafiki yake Petronila, mama lishe mwenye mgahawa kando ya barabara kuu. Kisha alipanda bodaboda kwenda kijijini mikono mitupu.

"Nililiweka juu ya magunia ya mchele, panya wasilifikie," anasema Petronila, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja. "Wateja wananiuliza, hicho ni nini? Nawaambia ni mgeni, amekatazwa kuingia kwao."

Yuliana hakuwahi kumsikia mwanawe akipiga tangu siku ile ya msiba. Redio alisikia, ndiyo, lakini anasema redio ni mtu anayeongea akiwa amejificha. Miaka ikaenda. Masikio ya mama yakaanza kupungua, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Ukitaka akuelewe, ukae karibu.

Hilo ndilo lililomnyima Matrida usingizi. Siyo redio, siyo tuzo. "Nilikuwa namwambia Petronila, siku nikiruhusiwa, nitakuwa nampigia mtu asiyesikia. Itanisaidia nini?"

Ndipo likatangazwa tamasha la ngoma za asili mjini Bunda, kwenye uwanja mmoja kata ya Nyasura. Vikundi vingeshindana, na mshindi angechaguliwa na watazamaji. Kila mtu angepewa punje moja ya hindi langoni. Wakati wa kura angeitumbukiza kwenye kapu la kikundi alichokipenda.

Matrida alijiandikisha mapema. Alipofika asubuhi, waandaaji walimweleza kwa upole kuwa nafasi ya litungu jukwaani wameshapewa wazee wa Butiama. Kiongozi wa wazee hao alikuwa Mzee Baltazar. Mama, wakamwambia, afadhali akawaburudishe wapishi.

"Niliondoka pale naona giza," anasema. "Umri huu, nimeimba kote huko, naambiwa nikaimbie masufuria."

Mkuu wa wapishi, kwa bahati, alikuwa Petronila, aliyepewa zabuni ya chakula. Alimfuta shoga yake machozi kwa ncha ya kitenge. "Kaa hapa," alimwambia. "Moshi haujui nani mwanamke nani mwanaume. Unampata kila mtu."

Vikundi vikacheza. Wazee wakapiga, wakashangiliwa kwa adabu. Saa saba mchana, mshereheshaji, mtu wa hapohapo Mara na mwenye ulimi wa hapohapo, alikamata kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Sasa umefika wakati wa kura! Kila mmoja na punje yake! Twendeni kura!"

Mgeni wa Pwani angesikia kura. Lakini uwanja ule ulijaa watu ambao nyumbani kwao chakula nacho "huriwa," tena ilikuwa saa saba, tena harufu ya pilau ilikuwa imeshawafikia. Walisikia walichotaka kusikia. Uwanja mzima uliinuka, ukageuza mgongo kwa jukwaa na makapu yake, ukaelekea jikoni.

Mshereheshaji aliona mambo yanaharibika. Akapiga kelele kurekebisha. "Jamani, nasema kura! Siyo kura! Kura!"

Wakaongeza mwendo.

Petronila anashika kiuno kila akifika hapa. "Nageuka naona umati unakuja na punje za mahindi mkononi. Pilau haijakauka maji! Nikamwambia Matrida, piga, dada yangu, piga, la sivyo hawa watatula sisi."

Matrida akapiga. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho yakimwasha kwa moshi. Alianza na wimbo wa kupalilia ulezi, akafuatisha ule wa mwaka wa njaa, ambao una maneno ya kuchekesha kuhusu mgeni anayenusa jiko la watu. Umati ukapasuka kwa kicheko, kisha ukaitikia. Wanawake waliokuwa wamesahau kwamba wanazijua nyimbo hizo walijikuta midomo yao inazijua. Mistari ya chakula ikageuka mistari ya ngoma. Vumbi likapanda mpaka wapishi wakafunika masufuria.

Waandaaji walipoona watu hawarudi, waliyabeba makapu wakayaleta jikoni. La Matrida halikuwapo. Petronila akatoa kapu lake la vitunguu, akalikung'uta, akaliweka miguuni mwa rafiki yake. Likafurika.

Wenye kinyongo walilalamika, na kusema kweli walikuwa na hoja. Petronila mwenyewe anakiri. "Wengine walitia punje wakidhani ndiyo tiketi ya pilau. Mzee mmoja aliweka akaniambia, niongezee nyama."

Kwa hiyo ikaamuliwa watu wale kwanza, kisha kura irudiwe, safari hii Matrida akiwa jukwaani kama wengine. Punje mpya zikagawiwa. Mshereheshaji alielekezwa aseme "uchaguzi." Watu wakiwa wameshiba, bila njaa ya kusingizia, walilijaza tena kapu la vitunguu kuliko makapu yote. Mwanamke mmoja wa Nyasura alitumbukiza punje yake, akavua na bangili akaitumbukiza juu yake.

Matrida alilia tena, mara ya pili siku hiyo, ila kilio hiki kilikuwa kingine.

Na Mzee Baltazar? Aliondoka na kikundi chake bila kumsalimia binti wa mdogo wake wala kumtazama. Petronila, hata hivyo, alikuwa ameona jambo. Wakati wa vurugu ya jikoni, mzee alikuwa kwenye mstari, sahani mkononi, uso ameukunja. "Uso ulikataa," anasema Petronila. "Lakini mguu, jamani! Mguu ulikuwa unacheza wenyewe."

Wiki kadhaa zilipita. Kisha simu ya Matrida ikaita, na aliyekuwa upande wa pili hakuwahi kumpigia hata mara moja.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba. Ritungu la baba yako limelegea," Mzee Baltazar alisema. "Hapa hakuna mtu anajua. Uje ukaze."

"Nije lini?"

"Wewe uje." Akakata.

Matrida alikaa na simu mkononi. Alimfahamu mzee wake. Mtu wa umri ule hawezi kuamka asubuhi akasema nilikosea. Atatafuta njia ya kupita, na njia aliyoiona ni ile aliyoifungua mwenyewe zamani.

Alishuka Kiabakari, na kwa mara ya kwanza hakuacha kitu juu ya magunia ya mchele. Petronila alifunga mgahawa mchana kweupe, jambo ambalo wateja wake wanalizungumzia mpaka leo, akapanda bodaboda ya pili. Walivuka lango la boma na litungu mgongoni. Hakuna aliyewazuia.

Mzee Baltazar alikuwa ameshatoa kigoda uani. Amelileta litungu la marehemu, nyuzi zinaning'inia. Jirani mmoja mmoja alikuwa anaingia, kila mmoja akisingizia amekuja kuomba moto.

"Kaza," mzee alisema.

Matrida akakaza. Uzi kwa uzi, akijaribu, akilinganisha. Alipomaliza akainua macho.

"Baba mkubwa, nimemaliza. Au niendelee kukaza?"

"Endelea."

"Mpaka saa ngapi?"

Mzee Baltazar alitazama upande wa nyumba, ambako Yuliana alikuwa anatoka akishikiliwa mkono. "Mpaka mama yako aseme basi," akajibu, kisha akajifanya anaangalia ng'ombe.

Walimkalisha Yuliana ubavuni mwa mwanawe, sikio la kushoto, lile lenye nafuu, likielekea nyuzi. Hakuridhika. Akasogea, akaweka kiganja juu ya tumbo la litungu. Matrida akaanza wimbo wa kumsindikiza bibi harusi, ule uliomliza yule bibi harusini, ule unaojulikana redioni kuliko zote. Kwa lugha ya kwao wimbo unamwambia binti anayetoka: nenda mwanangu, usigeuke.

Mama alisikiliza. Uso wake ulifunguka. Akaitikia kwa sauti nyembamba lakini iliyonyooka, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu akapiga kofi kwenye mti wa litungu.

"Umekosea," alisema.

Petronila anasema alitamani ardhi impokee.

"Wapi, mama?"

"Siyo 'usigeuke.' Nani atamwambia mtoto wake asigeuke? Ni 'ugeuke.' Nenda mwanangu, ugeuke. Tukuone."

Matrida aliyaokota maneno yale utotoni kupitia mlango wa jiko, jiwe la kusagia likinguruma, na silabi moja ikajipenyeza. Aliuimba hivyo wimbo huo harusi zote hizo. Aliwafundisha hivyo wanafunzi. Aliurekodi hivyo. Mabinti wa nusu ya mkoa wamekwenda kwa waume zao wakiambiwa wasigeuke.

"Nilicheka na kulia kwa pamoja," anasema. "Nikaona, kumbe mimi mwenyewe niliutii ule wimbo mbovu. Niliambiwa nisigeuke, na miaka yote hiyo nikawa nakuja nyumbani nusu mtu."

Akaupiga upya, sawasawa. Yuliana hakusema basi mpaka ng'ombe waliporudi.

Sasa, barazani Nyasho, ngozi imepata joto na mlio wake umekaa sawa. Jenipher anapokea litungu na kuanza wimbo huohuo. Akifika mahali penyewe, mazoea yanamshinda, anaimba neno la zamani. Wenzake watatu wanamzomea kwa furaha. Anarudia, na safari hii analipata.

Matrida ana mpango, na ameshazungumza na fundi wa kurekodi wa hapa mjini, atakayepanda naye hadi kijijini Desemba hii, watu wakiwa wamerudi makwao kwa Krismasi. Wasichana wote wanne watakwenda. Mzee Baltazar ametuma ujumbe kwamba nyuzi zitakuwa zimelegea tena, hivyo waje wakazaji wa kutosha.

Zitarekodiwa nyimbo zote anazozikumbuka Yuliana, kwanza zile ambazo Matrida hajawahi kuziimba popote. Ameulizwa kama hana wasiwasi kuhusu masikio ya mama. Anatikisa kichwa. Mama hahitaji kusikia ili aimbe, anasema. Sisi ndio tunahitaji kumsikia.

"Baba alianzisha, mama akaitikia. Mimi nikaanzisha, mama akaitikia. Mama yangu ni mtu wa kuitikia tangu ameolewa," anasema, akivuta uzi wa mwisho kwa kidole gumba. "Desemba aanzishe yeye. Mimi nitaitikia."